Tulipoomba Maji Yaongezeke

Mama aliuza ng'ombe wake wote kule kijijini Bahati ili aagize mashine ya kusaga unga kutoka ng'ambo. Kabla haijafika, alijenga kibanda cha mabati karibu na Ziwa Nakuru, akaandikisha jina la Yesu juu ya mlango na kumwaga simiti pale mashine ingekaa.

Kisha wakala wa mizigo akapiga simu kutoka Mombasa. Meli iliyobeba mashine ilikuwa kubwa mno, tumbo lake linazama mbali, na njia ya kuingia bandarini ilikuwa bado inachimbwa iwe na kina. Ingengoja nje.

"Wanachimba ya nini?" Mama akaniuliza, utadhani nilikuwa nimeshika sepeto. "Si waongeze maji tu?"

Nikaleta karai la maji, nikaweka sufuria ndani. Ikagusa chini.

"Umeona?"

"Nimeona," akasema, akamimina jagi zima la maji. Sufuria ikaelea. Iliniudhi sana.

Jumapili alipeleka ombi kanisani. Pasta, ambaye bahari ameiona kwenye kalenda tu, alilipenda. Tukafunga kila Ijumaa, sote wakulima wa viazi tu, tukipaza sauti: Bwana, inua maji. Nami niliinua mikono, maana ng'ombe walikuwa wameshaenda.

Maji yakainuka. Ziwa lilivuka ua wa mbuga ya wanyama, likavuka barabara, likaingia kibandani. Tulimkuta kiboko amesimama juu ya ile simiti, jina la Yesu juu ya kichwa chake. Nilimwonea Mama huruma, na bado kicheko kilikuwa kinanisumbua.

"Mama, hatukutaja bahari," pasta akasema polepole.

Wiki hiyo hiyo wakala akapiga tena. Uchimbaji umekwisha, meli imeingia, mashine iko njiani. Ilishushwa sebuleni kwetu, na iko hapo mpaka leo. Sisi hupita kiubavu kwenda jikoni. Wateja huvua viatu mlangoni, debe la mahindi kichwani.

Juzi pasta alikuja kupendekeza tuombe maji yashuke, Mama apate kibanda chake. Mama akazima mashine ili wasikizane.

"Hapana, Pasta. Wacha tu huyo kiboko akae," akasema. "Tukikosea tena, maji yashuke kule Mombasa? Kuna mama mwingine ako na mzigo kwa meli."