Salamu Kwanza, Anwani Baadaye

Soko huria lilipotufikia Dodoma, kila mwenye chumba na meza alifungua kampuni. Mimi niliajiriwa katika mojawapo, kazi yangu kupokea vipimo vya joto kutoka shamba la zabibu huko Makutupora. Kompyuta ya shambani ilikuwa na kipimajoto. Kila saa ilipiga simu yenyewe, ikaingia kwenye intaneti, ikatuma vipimo kwenye kompyuta yangu mjini. Ilichohitaji ni kujua anwani yangu, yaani msururu wa tarakimu wenye nukta katikati.

Balaa ni kwamba kila intaneti yetu ilipokatika na kuunganishwa upya, tulipewa anwani nyingine. Vipimo vikawa vinakwenda kwa mtu tusiyemjua.

Dawa yake ilikuwa msimamizi wa shamba aiandike anwani mpya kwa mkono. Na msimamizi huyo, ole wangu, ndiye baba wa binti niliyempelekea mshenga. Jibu lake lilikuwa fupi: "Kwanza tumwone kazini." Nilimpenda yule binti hadi nikajifunza kula mlenda, mboga ya kwao inayoteleza.

Kumpigia mzee hakukuwa kutaja tarakimu na kukata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Za huko?"

"Nzuri."

"Mvua je?"

"Bado, baba."

"Na mama yako huko Tanga, miguu yake?"

Hapo hatujafika kwenye kuulizana hali ya mbuzi. Mimi mtu wa haraka, hasira ziko puani, nilikuwa nautafuna waya wa simu.

Baada ya robo saa namtajia tarakimu, anaziandika, anazirudia moja moja. Naweka simu, narudi kwenye intaneti, vipimo haviji. Wiki nzima nilimlaumu moyoni: anakosea makusudi, hanitaki. Siku ya saba mama aliyetufagilia ofisi aliegemea fagio akauliza, "Mwanangu, simu na intaneti si waya huo huo mmoja? Ukitaka kumpigia, si unakata intaneti kwanza?"

Nilikaa sakafuni. Kumbe nilikuwa namsomea mzee anwani niliyokwisha kuihama.

Nikampigia kuungama, baada ya mbuzi. Alicheka mpaka akakohoa. "Sisi tukihama na ng'ombe," akasema, "hatumzungukii kila mtu kumwambia. Tunaacha habari dukani. Anayetutafuta anapita pale, anauliza."

Nikaomba nafasi kwenye kompyuta kubwa iliyokuwa Dar es Salaam, yenye anwani isiyobadilika. Kila nilipounganishwa, kompyuta yangu iliandika pale anwani yake mpya. Ile ya shambani ilipita kuisoma kabla ya kutuma. Kuuliza si ujinga. Vipimo vikaja siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kumsumbua mzee. Nikajipongeza.

Siku ya nne mzee akasimama mlangoni, kofia mkononi, vumbi la lori la zabibu mabegani. Nikaruka kumpa shikamoo.

"Marahaba. Siku nne hujanisalimia," alisema. "Nikipiga, simu yako inatumika tu. Mashine zinaulizana hali, sisi je?"

Niliona aibu, na nikaogopa kweli kwamba binti ananiponyoka. Mzee akavuta kiti, akakaa karibu na simu.

"Kata hiyo intaneti," akasema. "Tumpigie mama yako. Nataka tuzungumze mahari."

Niliikata. Walianza na miguu yake.