Namba Zilizopumzika

Tu. Halafu ti.

Punje ya hindi ikidondoka kwenye kishimo kitupu cha trei ya mayai, ile trei ya karatasi ya kijivu, inatoa sauti ya chini, tu, kama mtu anayekubali jambo bila kufungua mdomo. Ikiangukia kishimo chenye punje nyingine inalia ti. Nilikuwa nakaa nje nachambua mboga, simwoni Mama, lakini kwa sauti tu nilijua kama namba ya siku hiyo ni mpya au imeshawahi kutoka. Mpaka leo nikipita sokoni nikakuta mtu anachagua mahindi, masikio yangu yanaanza kazi hiyo bila kutumwa.

Trei haikuingia nyumbani kwa ajili ya bahati nasibu. Iliingia kama dawa. Mama alipata kiharusi akiwa kwenye palizi, kwetu Maposeni, mkono wa kushoto ukalegea. Nikamleta kwangu Songea mjini, Lizaboni, kwenye chumba changu kimoja. Muuguzi akaniambia mkono usipopewa kazi utazidi kulegea, nimtafutie vitu vidogo awe anaokota. Nikaomba trei kwa muuza chipsi, nikajaza bakuli mahindi, nikamwonyesha Mama: okota punje kwa kushoto, tia kwenye kishimo, vishimo vyote thelathini, kila siku.

Alifanya siku mbili akasukuma bakuli.

"Hii kazi ya kuku, mwanangu," alisema. "Tena kuku anakula."

Mimi nasuka nywele kwenye saluni ya watu. Darasani nilifika kidato cha pili, lakini kwa kuota nina digrii. Wakati huo nilikuwa naota saluni yangu mwenyewe, kioo kimeshika ukuta mzima. Pale kazini kuna redio, na kila siku saa kumi na moja jioni inasoma namba tano za bahati nasibu, kuanzia moja mpaka thelathini. Siku aliyosukuma bakuli, niliposikia thelathini nikacheka peke yangu. Nikaandika namba zile kiganjani kwa kalamu, nilipofika nyumbani nikachukua maka peni, kalamu ya wino mzito, nikaandika namba kwenye kila kishimo. "Haya Mama, leo sikusumbui. Tia punje tano tu, hizi zilizoshinda."

Mkono ukapata sababu. Kila jioni nilimkuta mlangoni, kiti kimeelekea njia. Kabla sijavua viatu: "Nionyeshe kiganja." Punje zilimponyoka, anaokota tena, anatukana kidogo, anaokota. Julai, baridi ya huku ilipobana na milima ya Matogoro haionekani kwa ukungu, alifunga vifungo vya sweta mwenyewe, vyote sita. Nilikwenda kuwatangazia saluni nzima kana kwamba nimeolewa.

Kisha akaanza kuitazama trei kama anavyotazama shamba.

"Njoo uone hapa," aliniita Jumapili moja. "Kumi na saba haijatoka hata mara moja tangu tuanze. Ishirini na sita, mara moja. Nane, mara moja. Zimepumzika hizi."

"Zimepumzika vipi, Mama?"

"Kama shamba la juu. Hukumbuki? Tuliliacha misimu miwili, baba yako analalamika, watu wanasema tumeshindwa. Tulipolirudia mahindi yake ulikuwa unapita chini yake huonekani. Kitu kikipumzika kinakusanya nguvu. Hizi nyingine," akapitisha kidole kwenye vishimo vilivyojaa, "zimelimwa mno, zimechoka."

Nilicheka. Lakini nilijua hachezi. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeangusha ukuta wa nyuma wa nyumba yake Maposeni, na bati za upande ule watu walishazichukua. Hakuwa anapenda kukaa kwangu. "Hapa ni kwako," alikuwa akisema, bila ugomvi. "Mimi nataka kufungua mlango wangu." Kumi na saba ikitoka na wenzake, alisema, anajenga ukuta, anaezeka, na masika yanamkuta kwake. Alikuwa na mpango mpaka wa rangi ya dirisha.

Basi akawa anacheza. Mara moja kwa wiki, kupitia simu ya mama wa chumba cha pili, jirani yetu anayeuza vitumbua. Akishinda, meseji itaingia kwenye simu ile. Niliona ni furaha ndogo, nikampa na pesa ya kuchezea. Nani amnyime mama yake?

Ila nilikuwa na mashaka. Tuna mteja mmoja, madamu anayefundisha hesabu sekondari, kichwa chake kinataka saa nne za kusuka. Nikiwa nyuma yake nikamuuliza.

"Madamu, namba ikikaa miezi haijatoka, si inakuwa imekaribia kutoka?"

"Nani kakwambia?"

"Mama."

"Na hiyo namba, nani anaikumbusha? Namba zile ni vimpira vilivyoandikwa. Kila siku vinarudishwa vyote ndani, vinachanganywa upya. Kumi na saba haijui kama jana ilikosa. Leo ina nafasi ileile kama jirani yake aliyetoka jana."

"Hata ukiandika matokeo ya mwaka mzima?"

"Hata ya miaka kumi. Utakuwa umejua yaliyotoka. Ya kesho hujui." Akageuza kichwa, nikamrudisha taratibu. "Ardhi inapumzika, mdogo wangu. Kimpira kimechoka na nini?"

Nilimfikishia Mama maneno hayo jioni ileile. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wa kushoto ukiwa umeshika punje.

"Huyo madamu amelima wapi?"

"Hajalima, Mama."

"Haya," akasema, akaitia punje. Ti.

Ningeweza kuendelea kubishana. Sikuendelea, kwa sababu nilikuwa naangalia vile vidole. Niliogopa nikimwondolea kumi na saba, trei itarudi kuwa kazi ya kuku.

Septemba, mavuno yameshauzwa, sendofu, zile sherehe za kumuaga bibi harusi, zikaja mfululizo. Siku tatu tulisuka bibi harusi na kundi lake lote, redio imezimwa ili wapige muziki wao kwenye simu. Siku ya kwanza nimefika kwenye kalavati, kile kidaraja cha mtaro karibu na nyumbani, ndipo nikaangalia kiganja: cheupe. Na Mama namwona kwa mbali, kiti kimeelekea njia.

Nikatoa kalamu, nikaandika namba tano za kwangu palepale kwenye kalavati. Nilichagua zile zilizojaa punje, kwa makusudi, niliogopa hata kuikaribia kumi na saba. Nilijiambia simdhuru mtu. Siku ya pili nikafanya hivyohivyo, na ya tatu. Ti, ti, ti, ti, ti. Siku tatu hakuna tu hata moja.

Siku ya tatu Mama alipitisha kidole kwenye vishimo, kisha akasema, "Unaona? Zilezile tu. Zinamalizia nguvu. Sasa zilizolala zimeiva."

Nikasema, "Labda, Mama." Nikaenda kuosha vyombo.

Mwezi mmoja baadaye jirani yetu wa vitumbua alinipigia nikiwa kazini, mchana. "Mwanangu njoo. Mama yako haongei vizuri." Nilikimbia na kitana mkononi. Nilikuta ameinama kwenye kiti chake, mdomo umekwenda upande, na safari hii ni mkono wa kulia uliokuwa unaning'inia.

Hospitalini daktari akaniuliza kama anakunywa dawa za presha. Nikajibu kwa kujiamini: anakunywa, kila mwezi nampa hela ya dawa mimi mwenyewe. Daktari akaangalia kipimo cha presha, akaniangalia mimi, akampima tena.

Jirani ndiye aliyesema, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi.

"Usinichukie, mwanangu. Hela ya dawa tangu mwezi jana alinipa nimchezee. Kila siku anacheza, si mara moja kwa wiki. Dawa zilizobaki alikuwa anakunywa leo, kesho anaacha. Nikamwambia, dada, dawa haiachwi. Akaniambia mwili nao unapumzika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ni wiki chache tu, tangu siku zile tatu namba zimeshaiva. Alisema ameona kwa macho yake kwenye trei."

Siku zile tatu. Niliangalia kiganja changu kama mjinga, kana kwamba wino ungekuwa bado upo.

Najua alichosema madamu. Namba za kweli nazo zisingemwambia Mama chochote. Vimpira havikujua habari za trei yetu, iwe ya kweli au ya uongo. Nimejirudia hivyo mara nyingi, nikiwa nasuka, nikiwa nafua. Ni kweli. Lakini Mama ndiye aliyejua habari za trei. Vimpira havikubadilika kwa namba zangu za kalavati. Yeye alibadilika.

Alikaa wodini siku nne. Siku ya tatu alifungua macho nikiwa namlowesha midomo kwa uji mwepesi. Alivuta neno kwa shida, nikainama mpaka sikio likagusa shavu lake.

"Imetoka?"

Mimi niliyemdanganya siku tatu kwa sababu ya uvivu wa kusema sikusikia redio, hapo nilikosa uongo. Neno moja tu lingetosha. Angefungua mlango wake, angeliona dirisha lake lenye rangi.

"Bado, Mama," nikasema.

Akafumba macho, kama mtu aliyetoka nje kuangalia mawingu akaona bado. Nilitaka kumwambia na habari za kalavati. Nikasema kesho. Kesho hakuamka.

Tulimzika Maposeni, nyuma ya ule ukuta ulioanguka. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshalowesha udongo, waliochimba hawakupata taabu. Wajomba waliniuliza habari za shamba la juu, nikawaambia liacheni kwanza.

Niliporudi Lizaboni kiti chake kilikuwa bado kimeelekea njia. Saluni nimerudi, nacheka na wateja, kioo changu cha ukuta mzima bado nakiota siku nyingine. Ikikaribia saa kumi na moja naenda uani kuchota maji, nakaa huko mpaka wamalize kusoma. Kwa hiyo sijui kama kumi na saba ilishatoka.

Jumamosi moja asubuhi nilifunga mlango, nikavuta trei kutoka uvunguni mwa kitanda, nikaiweka kwenye mapaja. Namba zangu za kalavati nilikuwa nazikumbuka zote, siku kwa siku. Nikaanza kuzitoa punje zake kwa mkono wa kushoto, ambao kwangu pia ni mzito. Ziliniponyoka, nikaokota, nikaendelea mpaka zikatimia kumi na tano kwenye bakuli. Kisha nikaitazama trei. Kumi na saba tupu, vingine vimejaa, vingine nusu. Ilionekana vilevile kama kabla sijatoa hata punje moja.

Nikaenda kuzimwaga zile kumi na tano kwa kuku wa jirani, nikasimama pale mpaka wakazimaliza.