Bunduki Haikufika Unguja

Mtoto wa mjomba wangu ana duka mtaa wa Wattaya, nyuma ya maonyesho ya magari, anauza majambia na bunduki za kale. Kwetu Omani bunduki kuukuu ni pambo la heshima. Hutundikwa ukutani, huchezwa nayo harusini. Sikuona ubaya wa biashara yake mpaka Ijumaa moja alipokuja kwetu baada ya chakula cha mchana, na bunduki imezongwa shuka, akailaza kwenye zulia mbele ya mama yangu.

"Shangazi," akasema, "nataka unihadithie siku aliyouliwa babu."

Babu yetu alipigwa risasi mlangoni kwake, shamba, Unguja, siku zile za mauaji ya mapinduzi, mwaka sitini na nne. Mama alikuwa na miaka tisa. Mjomba wangu, baba yake huyu mwenye duka, alikuwa bado ananyonya. Mama hakuwahi kulizungumza jambo hilo mbele yetu, kwa hiyo nilishangaa alipoanza kusema, taratibu, bila ya kumtazama mtu. Sikujua kwamba simu ya binamu yangu, aliyoiweka juu ya mto, ilikuwa inarikodi.

Alieleza walivyogongewa asubuhi, na baba yake alivyofungua mwenyewe kwa kudhani ni mteja. Kisha akamtaja jirani yao, Mnyamwezi mkwezi wa minazi, aliyewatia watoto bandani kwake, akawafunika makumbi ya nazi, akakaa mlangoni akiwaapia wenye silaha kuwa hakuna mtu ndani.

"Baba yako alilia," mama akamwambia. "Mke wa yule mkwezi akampa ziwa, ndiyo akanyamaza. Yule ni mama yake wa kunyonya."

Binamu yangu akakuna ndevu. "Hilo la mkwezi tuliwache, shangazi. Sema watumwa walimgeukia bwana wao. Na useme bunduki yenyewe ndiyo hii. Bunduki tupu siku hizi haiuziki, watu wanataka kisa."

"Umeipata wapi?"

"Nizwa, kwa mzee mmoja."

"Basi haikufika Unguja. Na baba yangu hakuwa na mtumwa. Alikuwa akiuza chumvi na mafuta ya taa."

"Nani atajua?"

"Mie nnajua."

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mzigua, na mimi nimemchukua yeye kwa rangi na nywele. Skuli wenzangu wakiniita khadim, yaani mtumwa. Binamu yangu aliona ninavyomtazama.

"Si wewe," akasema, akicheka kidogo. "Wewe ni wetu."

Nilimmiminia kahawa, na mpaka leo najilaumu kwa kikombe kile.

Baada ya wiki chache mwenzangu ofisini alinionyesha video kwenye simu yake. Ilionyesha bunduki ile juu ya kitambaa chekundu, na sauti ya mama yangu ikisema, "Walimpiga risasi mbele yetu." Hapo ilikatwa. Maandishi ya Kiarabu chini yake yalisema silaha hii ilimuua bwana mmoja wa Kiomani mikononi mwa watumwa wake. Bunduki ilikwisha nunuliwa. Nikaropoka kwamba sauti ile ni ya mama yangu.

"Kumbe ni babu yako," mwenzangu akasema kwa huruma. "Mlifuga nyoka nyumbani."

Nilimwambia ni uongo. Akanipapasa bega.

Mama alipoisikia hakulia. Aliniambia nishike simu nimrikodi, akasimulia yote tangu mwanzo, makumbi na ziwa na jina la yule mkwezi, ambalo sikuwa nimelijua. Tukaipeleka kwenye kikundi cha ukoo. Wachache walijibu kwa dua. Wawili walijitoa. Binamu yangu aliandika, "Shangazi amekuwa mtu mzima, anachanganya mambo." Mjomba, aliyenyonyeshwa, hakuandika kitu.

Siku ya Idi binamu yangu alikuja kama kawaida. Mama alimpokea, akamkatia halua, akamuuliza hali za watoto. Lakini alimuuliza kwa Kiarabu, si kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, na kila alipojibiwa kwa Kiswahili aliendelea kwa Kiarabu, cha wageni, chenye adabu nyingi. Tangu siku ile hajasema naye Kiswahili. Sijui kama binamu yangu ametambua.