Mama wa Kuni na Darubini ya Mwalimu

Juzi nilirudi Huruma, mtaa nilikokulia, kumwona shangazi, nikakuta uwanja wetu mdogo umejengwa ghorofa. Nilisimama pale kama mjinga, shingo juu, nikitafuta mwezi kati ya nyaya za stima na nguo zilizoanikwa.

Kwenye uwanja huo ndipo mwalimu, jirani yetu wa mlango wa pili, alipokuwa akiiweka darubini yake. Aliinunua kwenye mnada wa vitu vya shamba la zamani la mzungu, huko njia ya Turbo: bomba refu la shaba, lililotengenezwa Uingereza wakati Malkia Victoria ni mzee. Mimi ndiye niliyelipangusa, tena kwa maringo. Alituambia kwamba enzi hizo makasisi, madaktari na wenye maduka wa kule walikuwa wakimaliza kazi, wanakunywa chai, halafu wanasimama bustanini kwenye baridi wakichora milima ya mwezi, bila kutumwa na mtu. Jambo hilo lilinikosesha usingizi. Nyanya yangu, akikaanga omena, vile visamaki vya ziwa, alisema hao hawakuwa na kuni za kutafuta.

Nyanya alikuwa na mwezi wake. Kwao kando ya ziwa, mama yake alimwonyesha mwanamke aliyebeba kuni, aliyewekwa mwezini kwa kuziokota siku ya mapumziko. Kila mwezi ulipojaa, nyanya alimwambia huyo mama pole. Aliposikia mwalimu anasema huko ni mawe matupu, aliuliza kama ameangalia vizuri, kisha akasema atakuja mwenyewe. Nikaanza kuogopa. Akimkosa je?

Alikuja jioni moja, jua linatua huku mwezi umeshatoka upande wa pili. Mwalimu akamwekea stuli. Aliangalia mpaka harufu ya omena inayoungua ikatufikia.

"Mwalimu, huyu mama simwoni."

Mwalimu, mtu wa maneno mengi, alisema tu, "Pole, Mama." Roho iliniuma.

Nyanya alijipangusa jicho, akainuka polepole.

"Basi alishafika nyumbani," akasema, akaenda kuepua sufuria.

Mwalimu alihamishwa, akaondoka na darubini yake. Nyanya tulimzika kwao. Leo ningetoa chochote nimuulize kama aliamini maneno yale, au aliyasema kwa sababu aliniona nataka kulia. Jioni ile sikumuuliza. Stuli ilikuwa wazi, na zamu ilikuwa yangu.