Programu nyepesi yamaliza muthokoi wa Mama Ndunda

Majembe yanalia kwenye mteremko mkavu wa Katangi, Yatta. Nthambi Muindi, mwanaprogramu, naye ameshika lake, lakini macho hayamtoki njiani. Anatazama nani anafika.

"Wanakuja! Haki wanakuja!" anasema, akicheka peke yake.

Leo ni zamu ya Mama Ndunda. Katika mwethya, desturi ya majirani kulimiana kwa zamu, mwenye shamba hupika na wenzake humchimbia matuta ya kuzuia udongo usisombwe. Nthambi, anayetengeneza simu sokoni, ndiye aliyewaundia wanachama arobaini programu ya kuonyesha leo ni kwa nani.

Ya kwanza ilimtia aibu. Kimotho, rafiki yake wa chuoni anayefanya kazi Syokimau, alimshauri achukue mfumo mzima wa tovuti, wenye kila kitu ndani. Nthambi akajaza ramani, picha za wanachama, hata ukumbi wa gumzo. Kwenye kompyuta yake ilipendeza ajabu.

"Niliringa nayo, wacha tu!"

Kumbe simu za wanachama ni ndogo na mtandao ni wa kubahatisha. Msimu uliopita mwanachama mmoja, Mutinda, alipata safari ya ghafla, zamu yake ikahamishiwa kwa Mama Ndunda. Ukurasa ukakataa kufunguka. Watu wakaenda kwa Mutinda, wakakuta lango limefungwa, wakarudi makwao.

Mama Ndunda alikuwa amepika sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Hakuja hata mmoja.

"Nilikaa hapo jikoni nikalia," anakumbuka. "Nilifikiri watu wamenichukia. Halafu mvua ikakuja, ikabeba udongo yangu yote."

Nthambi alikwenda kuomba msamaha. Mama huyo alimpakulia sahani. "Nilimrudishia ikiwa imejaa," anasema Nthambi.

Mwenyekiti Bartholomew alimpa nafasi ya mwisho: "Hii nyingine ikikataa, tunarudi kwa firimbi ya kuitana."

Akafuta yote. Akaanza upya na kiunzi chepesi cha programu, kile kinachokupa msingi tu, mengine uongeze mwenyewe ukiyahitaji. Ukurasa sasa una jina, shamba na siku. Basi.

Kimotho alimcheka. "Hiyo ni programu ama ni kibao cha duka?"

"Kibao kinasomeka," akajibiwa.

Vikundi viwili vya mwethya huko Mwala vimeshamwita aviundie yao, na anapanga kwenda msimu wa mvua ukipita. Wapo wanaomsihi arudishe picha. "Sura mtaonana shambani," huwaambia.

Adhuhuri, matuta yamekamilika na foleni ya jikoni ni ndefu. Nthambi anafika mwisho kabisa. Mwiko unakwaruza chuma.

"Woi, mwiitu wakwa, binti yangu," Mama Ndunda anashika kiuno, "chakula imeisha! Watu wamekuwa wengi!"

"Imeisha kabisa?"

"Kabisa!"

Nthambi anaichungulia sufuria tupu, kisha anamkumbatia mama huyo kwa nguvu, njaa yake na yote.