Mama Mboga Aliyekufa kwa Bei ya Sukuma

Mwezi uliopita mvua ilinifungia katika mkahawa mmoja wa ghorofani mjini Nakuru. Sikuwa na haraka, kwa hivyo niliagiza chai ya pili nikaanza kusikiliza mambo ya watu. Kwenye meza iliyo karibu na yangu walikaa vijana waliotandaza karatasi na dadu za pande nyingi, zile za rangi rangi ambazo ukiziona kwa mbali utadhani ni peremende. Ni ule mchezo wa kusimulia: mmoja anasimulia hadithi, wengine wanakuwa watu walio ndani yake, na dadu ndiyo inayoamua kama umefaulu au umeanguka. Ila siku hiyo hawakuwa wakicheza. Walikuwa wakigombana.

"Huu umetushinda, tuhamie ule mwingine," msichana mmoja alisema.

"Tuhame ya nini? Si tubadilishe tu sheria kidogo?" mwenzake alimjibu, kwa uchungu wa mtu aliyeambiwa auze ng'ombe wa nyumbani.

Nilicheka peke yangu mpaka mhudumu akaja kuuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa kabisa. Ni vile tu ugomvi ule niliujua tangu zamani, maana sisi tuligombana vivyo hivyo kwetu Lanet, kwenye veranda ya shosho, nyanya yetu, likizo ya Agosti, nikiwa darasa la tano.

Mchezo wetu aliuleta anko, ndugu yake mama, aliyekuwa mwanajeshi. Alitoka kulinda amani nchi ya mbali akarudi na kitabu kilichochakaa na kifuko cha dadu, akidhani ametuletea hadithi za watoto. Kumbe kilikuwa kitabu cha sheria: mashujaa wa mapanga, majumba ya mawe, theluji ya kufika magotini. Kaka yangu alikuwa ameanza kidato cha kwanza na alisoma chochote kilichoandikwa Kiingereza, hata pakiti ya dawa ya panya. Alikimaliza kitabu chote akajitangaza msimulizi. Rafiki yangu, mtoto wa jirani, akawa shujaa wa panga. Mimi nikawa mchawi.

Unajua mwenyewe neno hilo halingeweza kukaa sana katika nyumba ile. Shosho alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na Jumamosi moja alipita na sufuria ya githeri wakati uleule nilipopaza sauti, "Mimi ni mchawi! Nimewachoma wote!"

Shosho alisimama. "Nani mchawi kwa hii nyumba?"

Kaka yangu, ambaye uongo ulimjia haraka kuliko ukweli, akasema, "Si mchawi, shosho. Ni daktari wa mifugo. Amewachoma sindano."

Shosho akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema hiyo ni kazi nzuri, nisome kwa bidii. Tangu siku hiyo nilikuwa daktari wa mifugo. Sheria hazikubadilika hata moja. Moto uliotoka mikononi mwangu sasa ulikuwa sindano ya minyoo, na jitu likichomwa lilianguka vilevile.

Hapo ndipo tulipopata utamu wa kubadilisha. Theluji hakuna aliyewahi kuiona, tukaifanya mvua ya mawe ya Molo. Majumba ya mawe yakawa hoteli na lojingi za Salgaa, kwa sababu baba yake mtoto wa jirani alikuwa dereva wa malori na huko ndiko alikosimamisha lori lake. Farasi wakawa lori. Lakini kaka yangu aliheshimu kitabu, na kitabu kilisema farasi sharti ale nyasi na apumzike. Basi tulikuwa tukiegesha lori la magurudumu mengi kando ya barabara kuu, tunalikatia nyasi, tunalisubiri lilale. Hakuna aliyeona ajabu. Mchezo tulikuwa tumeuzoea, na kitu ulichokizoea hukioni kasoro.

Kasoro niliiona siku nilipotaka kununua sukuma wiki.

Tulikuwa safarini, tumefika sokoni na njaa, nikasema napatana bei na mama mboga. Kitabu hakikuwa na sheria ya kupatana bei. Kilikuwa na sheria ya kupigana tu: kila mtu ana kiasi chake cha damu, na ikiisha amekufa. Kaka yangu alikuna kichwa, akaamua kwamba kila neno langu ni pigo, na kila bei ikishuka mama mboga anapoteza damu. Nilirusha dadu vizuri sana. Nikamwambia sukuma yake imenyauka, akapoteza damu. Nikamwambia jirani yake anauza fungu kubwa zaidi, akapoteza nyingine. Nikamuomba aniongeze kitunguu. Kaka yangu akatazama hesabu yake, kisha akatangaza, "Amekufa."

"Amekufa vipi? Nilikuwa nanunua sukuma!"

"Damu imeisha. Sheria ni sheria."

"Sasa nani ataniuzia?"

"Hakuna. Watu wa soko wamekuona. Kimbia."

Tulikimbia. Lori likakataa kwenda, lilikuwa halijala nyasi. Mtoto wa jirani alicheka akaanguka kutoka kwenye ngazi za veranda. Mimi sikucheka. Nililia machozi ya kweli kwa ajili ya mama mboga ambaye hakuwahi kuwepo, na shosho akanipa chai na kipande cha kiazi kitamu bila kuuliza nimefiwa na nani.

Wiki hiyohiyo familia mpya ilihamia ploti ya karibu, ikitoka Kamere kule Naivasha. Binti yao alikuwa wa rika letu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuja moja kwa moja verandani, akatutazama tukicheza mchana mzima, kisha akasema anao mchezo kama huo, ila wake hauna damu. Mama yake alikuwa amefanya kazi katika nyumba ya meneja wa shamba la maua, na watoto wa meneja walipokua wakampa binti kijitabu chembamba. Dadu zake zilikuwa za ludo tu.

"Hauna damu?" kaka yangu aliuliza, kana kwamba ameambiwa chai haina majani. "Sasa mnashindana aje?"

"Ukitaka kitu kwa mtu, unamwambia unachotaka. Yeye lazima aseme kinachomzuia. Halafu unarusha dadu mara moja. Hata ukishindwa, lazima kitu kibadilike."

"Hiyo ni maombi. Si mchezo."

Hapo tukagawanyika. Mimi nilitaka tuhame, kwa sababu ya marehemu mama mboga. Kaka yangu akasema huwezi kutupa kitu ulichokirekebisha kwa jasho lako, kwamba akipewa siku chache atatunga sheria ya soko, sheria ya lori, sheria ya kila kitu. Akatunga kweli. Sheria ya soko ikawa ndefu kuliko soko lenyewe. Binti wa Kamere aliambiwa anaweza kukaa lakini asiguse dadu. Siku nyingi zilipita hivyo, tukibishana tukiwa tunalisha kuku, tukibishana tukipukuchua mahindi, mpaka kuku wenyewe nadhani walikuwa na maoni.

Mtoto wa jirani peke yake hakusema anataka upi. Kitu kimoja nikueleze kumhusu: baba yake hakuwa amekuja nyumbani tangu muhula uliotangulia. Wakubwa walisema yuko safari. Walisema hivyo wakitazama pembeni. Sisi watoto tulijua kwamba lori lake lilikuwa likionekana Salgaa, na Salgaa si mbali kiasi hicho.

Jumamosi moja, zamu yake ilipofika, kaka yangu akamuuliza shujaa anafanya nini. Akasema, "Naenda Salgaa. Naingia ile hoteli. Namwona baba yangu amekaa."

Kaka yangu akafuata kitabu. "Sawa. Rusha."

Akarusha. Ilikuwa dadu nzuri, ya juu kabisa.

"Umempiga," kaka yangu akasema. "Amepoteza damu—"

"Sitaki kumpiga."

"Ni namna ya kusema tu. Ni kama kwenye sheria ya soko, ukimshinda—"

"Sitaki kumshinda. Nataka arudi nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Kaka yangu alifungua kitabu, akapekua huku na huku, akakifunga. Kisha akamgeukia binti wa Kamere akamwambia polepole, "Leta ule wako."

Binti akakaa katikati, akaeleza tena. Sasa palihitajika mtu wa kuwa baba. Kaka yangu akasema hawezi. Mimi nikatazama sakafu. Ndipo sauti ikatoka kwenye kigoda, kule shosho alikokuwa akipukuchua mahindi muda wote, tukidhani hasikii.

"Wachaneni nayo. Mimi ndiye huyo dereva."

Alijikunguta makapi, akakaa kwa kutanua magoti kama wanavyokaa madereva, akasukuma kitambaa chake nyuma kama kofia. Shosho alimjua mtu yule tangu akiwa mtoto wa sandeskuli. "Niaje, kijana," alisema kwa sauti nzito, na sote tukaangua kicheko, hata mtoto wa jirani.

Kisha mtoto huyo akasema, "Baba, nataka urudi nyumbani."

"Sasa useme kinachokuzuia," binti wa Kamere alimkumbusha shosho, bila woga wowote.

Shosho aligeuzageuza gunzi mkononi. "Aibu," alisema mwishowe. "Nimekaa sana. Nikirudi sasa nitaingia na uso gani?"

"Huohuo wako," mtoto wa jirani alisema.

Shosho aliangalia kando. Mtoto akachukua dadu ya ludo akairusha kwenye saruji. Ikaangukia moja.

"Umeshindwa," binti alisema kwa upole. "Harudi leo. Lakini lazima kitu kibadilike. Unachagua wewe."

Mtoto akaiokota dadu. "Basi anipigie simu."

"Hiyo naweza," shosho alijibu, na sauti haikuwa tena ya dereva.

Kesho yake baada ya kanisa nilimkuta nyuma ya banda la kuku na simu yake ndogo, akipiga kelele jinsi alivyopiga kila alipoongea na mtu wa mbali. "Si mimi nakusumbua! Ni mchezo wa watoto! Umeulizwa swali na umejibu, sasa piga simu!" Sijui mtu yule alielewa nini. Lakini jioni simu ya nyumba ya jirani ililia, na mtoto akatoka nje mbio kuongea, akazunguka mti wa mparachichi mara nyingi huku akiongea habari za shule. Baba yake alianza kupiga kila Jumapili. Kurudi kabisa hakurudi. Alikuja Krismasi na gunia la viazi, akaenda, akaja tena Pasaka. Ilikuwa hivyo, na wao walijifunza kuishi nayo.

Sisi nasi hatukuhama, wala hatukubaki. Kaka yangu alitoa uamuzi: mapanga ni ya maadui, na mchezo wa binti ni wa watu wetu. Uamuzi mzuri, mpaka tulipofika sokoni na ikabidi tuamue mama mboga ni adui au ni mtu wetu. Ubishi huo ulitufikisha siku ya kufungua shule. Shosho naye alitaka kucheza kila Jumamosi, na alikuwa mchezaji mbaya kupita wote. Dadu ikimkataa aliirudisha akisema haikurushwa kwa imani.

Kisha kaka yangu akazama katika masomo ya bweni, jirani wakahamia Njoro, binti wa Kamere akawa mtu wa kusalimiana naye tu barabarani. Shosho alituacha mwaka ule nilipomaliza chuo. Ploti iliuzwa, na pale palipokuwa na veranda sasa kuna ghorofa za kupangisha. Vitabu vya michezo vimejaa siku hizi. Ukitaka unavipata kwenye simu, vya kila sheria, vya damu na visivyo na damu. Sivitafuti. Ninachokitafuta hakiuzwi. Ni jua la alasiri likishuka upande wa Menengai, moshi wa jikoni ukipita juu ya vichwa vyetu, na shosho akichungulia mlangoni na mwiko mkononi, akituita kama alivyotuita kila Jumamosi:

"Haya, mmemaliza kuua watu? Njooni mle."