Maji ya Kumbatiza Mdogo Wangu

Mwezi uliopita, hapa Arua, jirani yangu alinialika kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Padri alipommwagia maji kichwani, kitoto kikapiga ukelele, kanisa zima likacheka. Mimi nilitoka nje. Mtu mzima na mvi zangu, ati naogopa maji ya ubatizo! Ngoja nikueleze, labda hutanicheka.

Tulikaa Lurujo, upande wa Koboko, miaka ile ya sabini, malori ya jeshi yakipita barabarani kutwa nzima. Mama alijifungua alfajiri, kabla ya siku zake kutimia, na bibi, mama yake mzazi, ndiye aliyemzalisha. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo mno, akipumua kwa shida. Maji yote ya mtungini yalikuwa yameishia kwenye kuosha. Bibi akanitupia kibuyu.

"Kimbia kisima! Hii mtoto iko kufa, mimi lazima nabatiza yeye!"

Kijijini kwetu tuliamini mtoto asiyebatizwa haoni uso wa Mungu. Mtoto kama huyo alizikwa nyuma ya nyumba kimya kimya, bila wimbo, na mama yake hakuruhusiwa kumlilia. Nilikuwa na miaka minane, na hayo yote niliyajua.

Basi nikakimbia. Lakini usiku mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye kichuguu njiani kumbikumbi walikuwa wakitoka kwa wingi. Wewe unaujua utamu wa kumbikumbi wa kukaanga, na chumvi kidogo! Nikasema nitaokota wachache tu. Nikajaza sketi, ndipo nikaenda kuteka maji.

Niliporudi, bibi alinipokonya kibuyu, akammwagia mtoto maji huku akisema maneno ya ubatizo. Nilikitazama kifua cha mdogo wangu. Sikukiona kikitikisika. Bibi hakuniuliza nilikuwa wapi, sketi aliiona.

Mchana katekista akafika na baisikeli yake kwa ajili ya mazishi, akamuuliza bibi:

"Mama, maji ilikuta mtoto iko hai?"

"Iko hai," bibi akajibu. "Mimi iliona na macho yangu."

Basi tukaimba. Msalaba ukachongwa, mdogo wangu akaitwa jina, na mama akalia kwa sauti mpaka akachoka, kisha akakubali kunywa uji. Wanawake walimwambia amepata malaika wa kumwombea, naye akaamini. Mimi sikulia. Nilijua nimemfungia mtoto mbingu, na bibi nimemtia uongo mdomoni. Kila Jumapili bibi alipokwenda kupokea komunyo na uongo ule mdomoni, mimi niliangalia chini.

Nilivumilia hadi mwaka wa sabini na tisa, tulipokimbia vita kuelekea Congo. Tulipoketi njiani kupumzika, nikamuuliza bibi kama kweli mtoto alikuwa hai. Akakaza kamba ya mzigo wake.

"Mimi najua? Mama yako ilitaka mutu ya kuombea. Kila siku naambia Mungu, kama iko kosa, weka juu yangu. Wewe, wacha sasa."

Kuacha sikuweza. Bibi alizikwa hukohuko Congo, mama naye ameondoka, na pale Lurujo msalaba ulishaoza, watu wamelima muhogo juu yake. Nimebaki peke yangu niliyekiona kile kifua. Kama bibi leo yuko mbinguni au motoni sijui, na hofu ya hilo hainiishi. Ila mtu akiniuliza, hata awe padri, nitamwambia kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.